Muziki kwenye banda la gari: sabufa, redio ya gari, amplifaya ya mtumba au spika ya kubeba?

Gari likishatoka asubuhi, banda lake linabaki chumba kikubwa kuliko sebule za wengi wetu. Ndiyo maana hapa Dar mabanda yamegeuka kila kitu: saluni, karakana ya jioni, mahali pa kunyanyulia vyuma, kijiwe cha kahawa cha mzee aliyestaafu. Nasema banda kwa makusudi, maana ukisema gereji mtu anafikiria fundi, oili chafu na gari lililopandishwa jeki. La kwangu natengenezea viti na makabati siku ambazo siko kazini, na kupiga randa saa tatu mfululizo bila muziki ni adhabu.

Katika miaka sita imepita mitambo minne mle ndani. Miwili niliinunua, mmoja niliuunganisha mwenyewe, mmoja niliazimwa na shemeji ambaye mpaka leo anaudai. Kila mmoja ulikuwa na siku zake nzuri, kila mmoja uliniudhi kwa namna yake. Nimeweka kikomo cha shilingi 250,000 kwa kila kitu, waya zikiwemo, kwa sababu ukivuka hapo maswali yanabadilika kabisa.

Vya kupimia, kabla ya kwenda dukani

Wengi tunaanza na wati, na hapo ndipo tunapopigwa. Boksi limeandikwa 10,000W PMPO, yaani wati za kilele za kupambia boksi, kijana wa duka anakuhakikishia kuwa hiyo inatikisa mtaa. Geuza mashine, tafuta kibandiko cha nyuma kwenye maelezo ya umeme. Ukikuta 230V, 50Hz, 60W, mashine hiyo inakula wati 60 kutoka ukutani, na haiwezi kutoa kwa kudumu zaidi ya inachokula. Tena sehemu ya hizo 60 inaishia kuwa joto tu. Namba ya kushika ni ile ya RMS, yaani wati inazoweza kutoa kwa kudumu, ikiwa imeandikwa.

Hata hiyo RMS isikutoe jasho. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, kipimo cha ukubwa wa sauti, tofauti ambayo sikio linaigundua lakini halishtuki. Ukisogeza spika kutoka mita 4 hadi mita 2 mbele yako, mahali pa wazi unapata desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne. Ndani ya banda faida inapungua kwa sababu kuta nazo zinarudisha sauti, lakini bado ni nyongeza ya bure. Hakuna duka litakalokuambia hivyo.

Kwa hiyo wati niliziweka kando, nikapima mambo haya. Mfuko, yaani bei ya kitu kikiwa kinalia, siyo bei ya rafuni. Umeme: banda lina soketi au linategemea ekstensheni inayopita chini ya mlango wa jikoni? Na umeme ukikatika, unataka muziki uendelee? Sauti: unasikiliza nini, ukiwa umbali gani, na kelele gani zinashindana nawe. Halafu vumbi na fundi, kwa sababu banda siyo sebule; kuna unga wa mbao, moshi, joto la bati saa nane mchana, na siku kitu kikifa unataka kukuta mtu mtaani anayeweza kukifungua. Mwisho kabisa, kinamfaa nani.

Sabufa

*Mfuko.* Kwa laki moja na ushee mpaka laki mbili, ukijua kubembeleza bei, unatoka Kariakoo na sabufa yenye spika mbili au tatu za pembeni, remoti, tundu la flashi, kadi, redio na Bluetooth. Huhitaji kununua kingine chochote. Kwa urahisi wa kuanza hakuna kinachoikaribia: unafika nyumbani, unachomeka, inalia.

*Umeme.* Inataka ukuta. Ya wati 60 ikilia saa tano inakula 0.3 ya uniti, kwa hiyo LUKU haitakusumbua. Kinachosumbua ni umeme unaopanda na kushuka. Kikinga cha friji, kile kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kinaifaa sabufa vilevile, na ni nafuu kuliko kwenda kwa fundi mara mbili.

*Sauti.* Besi ipo, na ipo nyingi. Kwa singeli na amapiano utafurahi. Tatizo ni sauti za katikati, yaani pale anapoimba mtu: zile spika ndogo za pembeni hazina kifua. Siku ya Simba na Yanga mtangazaji anasikika kama amefungiwa ndani ya pipa. Unaweza kushusha besi kwa remoti ukapata nafuu, ila wachache tunakumbuka. Na kwenye banda la bati, besi ya sabufa iliyowekwa sakafuni kwenye kona inaamsha kila kitu. Spana zangu zilikuwa zinacheza ukutani kwenye misumari yake. Nilikata kandambili kuukuu vipande vinne nikaviweka chini ya sabufa, nikaisogeza kutoka kwenye kona, spana zikatulia.

*Vumbi na fundi.* Hapa sabufa ina pande mbili. Upande mzuri, kila fundi wa redio anaijua. Nyingi za bei hii zinatumia IC za kawaida, vile vipande vyeusi vyenye miguu vinavyokuza sauti, TDA2030 na ndugu zake, ambazo fundi anazo kwenye kopo mezani. Upande mbaya ni matundu ya nyuma. Yangu ilianza kuunguruma, siku ya tatu ikanyamaza. Fundi alipoifungua tulikuta mjusi amekauka juu ya bodi, mkia umelala juu ya miguu ya IC kama umelehemiwa. Alifuata joto la transfoma, akakutana na umeme. Unga wa mbao nao ulikuwa umejaa kama chapati inayosubiri kusukumwa. Kipande cha chandarua juu ya yale matundu kingetosha kuzuia yote mawili, hewa ikaendelea kupita.

*Inamfaa* mwenye soketi ndani ya banda, anayetaka besi na asiyetaka kuunganisha hata waya mmoja. Mwenye mashine za vumbi aiweke juu, mbali na sehemu ya kukatia.

Redio ya gari

Huu ndio mtambo niliouunganisha mwenyewe, kwa hiyo nivumilie nikiongea sana.

*Mfuko.* Redio ya gari ya Kichina yenye USB na Bluetooth ni kitu cha bei ndogo. Spika mbili za inchi sita, mpya au zilizotolewa kwenye gari, si ghali. Kinachopandisha hesabu ni chanzo cha umeme. Kama una betri kuukuu ya gari ambayo haiwashi tena injini lakini bado inashika chaji, umeokoa pesa nyingi. Kama huna, tafuta pawasaplai ya volti 12 na ampea 10, ya aina inayowekwa kwenye kamera za ulinzi na taa za ukanda. Wengine wanatumia ya kompyuta ya mezani iliyokufa: waya za njano ni volti 12, nyeusi ni hasi, na ule wa kijani ukiugusisha na mweusi ndipo inawaka. Usiifungue ndani, hata ikiwa imechomolewa, maana kuna kapasita zinazotunza umeme wa kukurusha ukutani.

*Umeme.* Hapa ndipo redio ya gari inapowaacha wenzake. Ukikatika, betri inaendelea. Betri ya ampea-saa 50 unaruhusiwa kuitumia nusu tu, yaani 25, kwa sababu betri ya gari imeundwa kuwasha injini na kurudishiwa chaji papo hapo, siyo kukamuliwa hadi tone la mwisho. Redio ikilia kwa kiasi inavuta kama ampea 3, kwa hiyo una saa nane. Betri kuukuu itakupa pungufu. Funga kimita kidogo cha volti. Ikishuka hadi 12.2 zima. Kwa walioko mashamba, sola ndogo na betri hiyohiyo inamaliza kazi bila kibadilisha umeme cha katikati.

Tahadhari mbili. Weka fyuzi kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, ya ukubwa ulioandikwa nyuma ya redio, kwa kawaida ampea 10 au 15. Na betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche, hivyo mlango wazi, na grenda ipumzike.

Waya zenyewe hazina fumbo kwa redio mpya za dukani. Njano ni volti 12 za kudumu, zinatunza saa na stesheni. Nyekundu ni ya swichi. Nyeusi ni hasi. Bluu ni ya antena ya umeme au amplifaya ya nje, iache imefungwa teipu. Spika ziko kwa jozi, kila rangi na mwenzake wenye mstari mweusi: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Kosa linaloua redio ni kuchukua hasi zote za spika ukazifunga pamoja kwenye hasi ya betri. Redio hizi zinasukuma spika kutoka pande zote mbili za waya, kwa hiyo hasi ya spika siyo ardhi. Kila spika ipewe waya zake mbili. Redio iliyotoka moja kwa moja kwenye gari la Japani inaweza kuwa na rangi tofauti; hiyo mpe fundi.

Tena redio hizo za Japani zina jambo jingine. FM yake iliundwa kuanzia 76 hadi 90, za karibuni zinafika 95, wakati sisi tuna stesheni hadi 108. EFM ya 93.7 utaitafuta kwenye redio ya zamani mpaka uchoke. Kuna kidude cha kuhamisha mawimbi kinachouzwa kwa wenye magari, au unatumia simu na kusahau FM.

*Sauti.* Boksi litasema 50W x 4. Halisi ni wati 15 hadi 20 kwa kila spika, na ukitumia volti 12 kamili badala ya zile 14.4 za gari linalotembea, pungufu kidogo. Kwa banda la gari moja zinatosha na kubaki. Cha kuzingatia ni boksi la spika. Fanya jaribio hili: shika spika ya inchi sita mkononi, iwashe. Inalia kama mbu. Sasa toboa kwenye katoni tundu la ukubwa wake, ibane pale. Besi inazaliwa mbele ya macho yako. Sauti ya nyuma ya spika ilikuwa inaifuta ya mbele, katoni limezitenganisha. Vinyozi wanaotumbukiza simu kwenye glasi wanatafuta nafuu, lakini ile ni kupaza tu.

Boksi zuri ni plaiwudi nene, milimita 15 hadi 18. Mimi kwa uvivu nilitumia ndoo mbili za rangi za lita 20: nikakata mfuniko, nikafunga spika kwa skrubu nne, nikajaza sufi ya mto ndani mpaka nusu, nikaziba kingo kwa silikoni. Mke wangu alisema banda limekuwa kama duka la rangi lenye pepo. Lakini sauti ya mtu ilikaa mbele, gitaa likasikika likikwaruzwa, na besi ilikuwa ya adabu. Asiyependa ndoo aite seremala. Asiyependa seremala asichukue njia hii.

*Vumbi na fundi.* Redio ya gari imezoea joto la dashibodi na barabara ya vumbi, na yangu haijawahi kufunguliwa. Ikifa, kwa kawaida inakuwa ni IC ya sauti au skrini, na mara nyingi kununua nyingine ni rahisi kuliko kutengeneza. Spika za koni ya karatasi zinaogopa unyevu. Za plastiki hazijali.

*Inamfaa* anayependa kuunganisha, mwenye banda lisilo na soketi, na anayeishi mahali umeme unapotoka na kurudi. Haimfai mwenye watoto wadogo wanaovuta kila waya, mpaka betri ikae kwenye sanduku lenye kifuniko na tundu la hewa.

Amplifaya ya mtumba na spika zake

*Mfuko.* Hapa bei ni maelewano. Nilimsindikiza shemeji kununua yake. Muuzaji aliiweka mezani, nzito kama jiwe la kusagia, sura ya chuma cha fedha, kitufe cha sauti kinazunguka kama kimepakwa siagi. Shemeji akaanza kutafuta soketi. "Ya mia hiyo, kaka," muuzaji akamzuia. "Ukichomeka hapo unalipa." Alimaanisha volti 100, umeme wa Japani. Kibandiko cha nyuma kinasema, na anayeuza kwa uaminifu anakuambia kabla. Kwa hiyo ongeza bei ya transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko wati ambazo amplifaya inakula. Inayokula 150 ipewe ya 250 au 300. Zilizotoka Uingereza hazina shida hiyo, umeme wao unafanana na wetu. Ukijumlisha amplifaya, spika, transfoma na kipokezi cha Bluetooth, laki mbili na nusu inaisha yote, na wakati mwingine haitoshi.

*Umeme.* Ukuta tu. Hizi za zamani zinapata moto hata zikilia polepole. Zinahitaji nafasi juu na pembeni, siyo kurundikiwa makopo ya vanishi.

*Sauti.* Ndiyo tamu kuliko zote nne, ikiwa spika ni nzima. Taarabu ikilia, unasikia mwanamke kavuta pumzi kabla ya kuingia. Lakini usikimbilie kuamini sikio lako kwenye kelele za dukani. Toa kava la mbele, bonyeza taratibu ule mpira unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji na ukabaki kidoleni kama keki iliyokauka, spika hiyo imekwisha, hata kama bado inalia. Beba betri ya volti 1.5 ya tochi: gusisha waya za spika, koni iruke na kutoa "tup". Isiporuka, koili imekatika. Zungusha vitufe vyote. Vikikwaruza kidogo dawa ya kunyunyiza itasaidia, sauti ikipotea kabisa upande mmoja hiyo ni habari nyingine. Weka sauti sifuri, tega sikio kwenye spika: mngurumo mzito usioisha ni kapasita zilizochoka. Na soma omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika inazokubali, nyuma ya amplifaya. Iliyoandikwa 6 hadi 16 usiifunge spika za gari za omu 4, itapata joto na kufa.

*Vumbi na fundi.* Ndani kuna vipuri vikubwa vinavyoonekana kwa macho, fundi mzee anafurahi kuiona. Fundi kijana anaweza kuiogopa. Vumbi ni adui wa vitufe vyake, ifunike kitambaa usiku, siyo wakati inalia.

*Inamfaa* anayekaa bandani kusikiliza: mwenye kijiwe, mwenye kahawa, mwenye viti viwili na Jumapili ndefu. Kwa anayekata mbao kwa mashine ni kumwagia maziwa kwenye mchanga.

Spika ya kubeba

*Mfuko.* Zipo za elfu ishirini na zipo za laki kadhaa. Kwa kikomo chetu unapata moja nzuri ya ukubwa wa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Feki ni nyingi. Sina mbinu ya uhakika zaidi ya kuijaribu kwa wimbo unaoujua, sauti ikiwa juu kabisa, dakika tano. Feki nyingi zinaanza kupasua sauti, na uzito wake unakusaliti mkononi.

*Umeme.* Inajitosheleza. Ila saa zilizoandikwa kwenye boksi ni za sauti ya chini, ukiongeza zinayeyuka. Betri za lithiamu hazipendi joto, na juu ya rafu chini ya bati saa nane mchana ni tanuri. Iteremshe chini ukimaliza.

*Sauti.* Ni sauti ya nukta moja, hakuna kushoto na kulia isipokuwa ununue mbili za aina moja na kuziunganisha. Lakini hapa ndipo ile hesabu ya mita 2 inapofanya kazi: unaisogeza mpaka kwenye benchi, karibu nawe, na wati zake 20 zinatosha hadi grenda inapowashwa. Bluetooth inafika kama mita 10 mahali pa wazi, ila geti la chuma likikaa kati yako na simu inaanza kukatakata.

*Vumbi na fundi.* Iliyoandikwa IP67 haina mpinzani: 6 ni kwamba vumbi haliingii, 7 ni kwamba inavumilia maji ya mita 1 kwa dakika 30. Yangu naioshea bombani. Siku betri yake itakapochoka, hata hivyo, imegundishwa kwa gundi na mafundi wengi wataipasua kabla ya kuifungua.

*Inamfaa* mpangaji, mwenye banda lisilofungika vizuri usiku, na anayehama hama kati ya banda, uani na barazani.

Banda lenyewe

Chochote utakachochukua, kitalia ndani ya kuta za tofali, sakafu ya saruji na paa la bati. Piga kofi moja katikati ya banda tupu: ule mlio wa kigae unaobaki hewani ndio utakaovuruga maneno ya wimbo. Trei za mayai ukutani hazisaidii kiasi watu wanavyodhani, ni nyepesi mno. Godoro kuukuu lililosimamishwa ukutani, mikeka, mapazia mazito, magunia ya nguo, hivyo vinameza sauti. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna mtambo wa laki mbili na nusu utakaoshinda, usijaribu.

Kuhusu waya wa spika, usiuchukue ule mwembamba kama uzi. Kwa spika ya omu 4 iliyo umbali wa mita 10, waya wa milimita za mraba 0.5 unanyang'anya zaidi ya robo ya nguvu, wa 1.5 unachukua kama sehemu ya kumi.

Na jirani. Besi ndiyo inayopita ukutani, siyo sauti ya mwimbaji. Saa tatu usiku shusha besi kabla ya kushusha sauti, utaendelea kusikia wimbo na yeye atalala. Pia uache nafasi ya kusikia ukiitwa. Mwanangu aliwahi kusimama nyuma yangu akinililia wakati mashine ya kukatia inazunguka, na mimi nilikuwa naimba.

Kwa hali yako

Kama banda lina soketi, kazi yako haina vumbi jingi na unataka muziki wa kuchangamsha leo leo, sabufa, ukiwa na kikinga umeme na kipande cha chandarua. Kama unakata na kupiga msasa kutwa, spika ya kubeba yenye IP67 iliyo karibu na benchi itakupa sauti inayokufikia, na vumbi halitaigusa. Kama umeme kwenu ni wa kubahatisha, au banda liko shambani, redio ya gari na betri, hata kama itakubidi kumlipa fundi wa umeme wa magari nusu siku. Kama banda limekuwa baraza ya wazee na gari linalala nje, ingia kwenye mtumba bila haraka, na betri ya tochi mfukoni.

Mwenye nyumba ya kupanga asitoboe kuta za watu kwa ajili ya sabufa. Mwenye gari linalorudi saa kumi na mbili jioni apime kwanza nafasi itakayobaki likishaegeshwa. Amplifaya ya mtumba na spika zake ndefu zinaweza kukulazimisha kuingilia dirishani. Na mwenye kuukuu ndani ya nyumba, redio ya kaseti isiyocheza kaseti lakini yenye tundu la AUX, lile la kuchomeka waya wa simu, aanze nayo mwezi mmoja kabla ya kutoa hata shilingi. Atajua anasimama wapi, anasikiliza nini, na kama jirani ana subira.

Kwangu leo ndoo mbili za rangi zinalia siku za kupiga randa, na amplifaya inalia Jumapili. Shemeji ameshapiga simu mara mbili. Nimemwambia transfoma inatengenezwa.